Mraba wa Saba

Tulianza chini ya daraja la Sabaki, upande wa Mambrui:
kamba ya manila, vigingi vinne, mita kwa mita,
nami nimepiga magoti topeni kama aliyeangusha hereni.
Mraba wa kwanza, mathenge. Wa pili, mathenge.
Wa tatu, matete, kinyesi cha kiboko, na mdiria mmoja
aliyenitazama kama karani anayengoja saini.
Nikaandika vyote. Hata kinyesi.

Kahindi alikuwa akichota mchanga ng'ambo ya kijito.
"Dada Umazi, nyasi nazo zina sensa?"
Zina, nikamwambia.
Akavuka akicheka, maji ya rangi ya chai kiunoni,
na alipopanda ukingo nikauona mguu:
kidonda juu ya kifundo, kipana kama kiganja,
kimekula vidonge vya kliniki tatu
na hakijashiba.

Mraba wa saba alinionyesha yeye.
Kichaka kifupi, majani ya manyoya,
harufu ya sarafu iliyoshikwa mno.
"Mkataambuzi. Mbuzi hali, mdudu hali.
Tulikuwa tukifungia vidonda vya punda."
Kitabuni haumo. Nikaupa namba: arobaini na moja.

Mjini, chumba cha nyuma, feni inakohoa,
nilichemsha majani, nikachuja,
nikatia chumvi ya fedha, tone,
tone.
Maji yakawa manjano, kisha asali,
kisha kahawia ileile,
kana kwamba Sabaki umenifuata hadi chupani.
Hivyo ndivyo chembe huzaliwa,
ndogo kiasi kwamba haba na haba yao haijazi kisoda;
unywele wako, kwao, ni gogo la mbambakofi.

"Fedha?" Kahindi akapiga kelele simuni.
"Fedha ndani ya mkataambuzi, na mimi nauza mchanga?"
Nikakosa pa kuanzia.
Lugha yetu imeyapa madini na noti jina moja,
na hii ya kwangu hainunui hata hamri.

Vijidudu vilitoka mguuni mwake, kwa pamba, kwa hiari yake.
Usiku vikatanda sahanini kama utandu wa uji.
Asubuhi, dawa za dukani zilikuwa zimezingirwa,
vijidudu vimezisogelea kama watu waota moto.
Lakini pembeni, kando ya kile kidoto cha kahawia,
duara tupu. Safi.
Milimita kumi na tisa.
Nikapima tena. Nikamwita mlinzi, naye apime.

Kahindi aliweka dole gumba juu ya rula.
"Ukucha wangu," akasema,
kisha akautazama mguu, nami nikautazama.
"Lini?"
Nikamtajia panya, sumu, vibali, kamati,
nikasikia sauti yangu ikifanana na kaunta ya benki.
"Lini, Umazi?"
Sijui.
Ndilo neno pekee nililompa bila namba.

Baada ya mvua za Mei nilirudi na kamba yangu.
Mraba wa saba ulikuwa barabara.
Alama za tairi, pana, zimejaa maji na viluwiluwi;
vigingi viwili vimesimama, viwili vimelala.
Nikatafuta juu hadi kwenye matete,
nikatafuta chini hadi mto unapoonja chumvi.
Mathenge. Mathenge.
Safu ya arobaini na moja nikaandika sifuri,
na karatasi ikaloa pale nilipokandamiza.

Kahindi alikuja akichechemea, akasimama mbali kidogo.
"Lori nililielekeza mimi," akasema.
"Mchanga wa pale haukuwa na udongo. Walilipa vizuri.
Kliniki ya nne ilitaka fedha."
Akanyamaza.
"Ile nyingine."

Kwenye friji yamebaki majani kumi na moja.
Niliyahesabu jana.
Usiku umeme ulipokatika niliamka,
nikaketi nimeegemea mlango wake,
nisiufungue, baridi isitoke.